Mateke na Arumu katika Kidimbwi cha Muhumba

Juzi kijana mmoja mwenye buti mpya za mpira alikuja kwangu Kadutu, hapa Bukavu, na simu mkononi. Anajiita mtaalamu wa bustani. Akaniwekea picha chini ya pua: kidimbwi cha watu wa mbali, maji kama kioo, maua ya zambarau yamekipamba kama harusi. "Maman Nsimire," akasema, "mukubwa wangu anataka hii. Nipande nini?" Nikamwuliza jua linaingia lupango hiyo, kiwanja cha huyo mukubwa wake, saa ngapi. Hajui. Kuna mti gani juu ya shimo? Hajatazama. Nani anaishi mule ndani, kuna watoto, kuna mzee? Akacheka. "Maman, mi nakuuliza mafleurs, unaniuliza batu!"

Akaondoka akidhani nimezeeka. Nimezeeka kweli. Lakini swali lile la mwisho lilinigharimu zaidi ya yote niliyojifunza katika kazi hii, na kwa kuwa hakungoja jibu, nitalitoa hapa kwa ninyi wengine, mlio na buti na msio nazo.

Kwanza nimalize mambo ya maua, maana najua mnayataka.

Ua la zambarau lililo kwenye picha ya yule kijana ni gugu maji. Daktari mmoja wa meno pale Nguba alilitaka hilohilo. Nilimwambia, "Daktari, hii kitu haipandwe, inafukuzwa." Akanitazama kama mtu anayetazama jino bovu. Akaenda mwenyewe ziwani na ndoo, akachukua vichipukizi vitatu, akavitia majini kwa mikono yake. Vitatu tu. Kabla mvua hazijaisha maji hayakuonekana tena, ungedhani ni kitanda cha mchicha. Samaki walikufa kwa kukosa hewa, wakaoza chini huko, na wagonjwa wake wakawa wanangojea zamu yao ya kung'olewa meno wakiwa wamejiziba pua. Alinipigia hodi mwenyewe. Nilikaa siku nne ndani ya maji nikitoa takataka yake, na kila nilipoinua rundo nilimtakia asubuhi njema.

Mafunjo ni mazuri, nakubali. Lakini mizizi yake haina adabu. Nilipokuwa kijana niliyapanda moja kwa moja kwenye udongo wa kidimbwi cha masista fulani, bila chombo. Mwaka wa pili saruji ikapasuka, maji yakashuka mpaka kwenye chumba cha kuwekea maharagwe. Masista hawakunitukana, walinipikia yale maharagwe yaliyolowa na wakakaa kunitazama nikiyala. Tangu hapo mafunjo nayafungia ndani ya pipa lililokatwa nusu.

Nenufari, ambazo vitabu vinaziita yungiyungi, zinataka jua nusu siku na maji yasiyotikiswa. Ukiweka bomba la kurusha maji juu yake, kwa sababu mwenye nyumba ameona bomba hotelini, zitakufa, nawe utasema udongo ni mbaya. Panda ndani ya beseni kuukuu, udongo mzito wa mfinyanzi, usitie samadi, weka mawe juu ili samaki wasichimbue. Majani yakifunika nusu ya maji inatosha. Yasipofunika kitu, maji yatakuwa kijani kama supu ya lenga-lenga, mchicha wetu. Yakifunika yote, umejenga kaburi la samaki. Wala usichimbe kidimbwi chini ya mti wa avoka, labda kama unapenda kuvua majani kila asubuhi ya maisha yako.

Haya yote alinifundisha Papa Bisimwa, mtunza bustani wa misheni upande wa Katana, ambako niliajiriwa kuteka maji nikiwa msichana. Hakujua kusoma. Wazungu walikuja na vitabu vyao wakamwonyesha majina ya Kilatini, naye aliitikia kwa heshima, kisha wakiondoka alihamisha mmea aliokwisha kuuona unateseka. Kila mmea alioupanda au kuuhamisha alienda kumwambia mpishi, mfua nguo, sentineli, hata mgonjwa aliyekaa juani. Mimi nilimcheka kwa hilo. Niliona ni mzee anayetafuta watu wa kuongea nao. Nikachukua ujuzi wake wote wa maji na udongo, na hilo nikaliacha pale Katana.

Sasa kidimbwi cha Muhumba.

Vita ya kwanza ilipoingia Bukavu, nyumba nyingi za Muhumba, mtaa wa wakubwa, zilibaki tupu. Patron niliyemtumikia, mkurugenzi wa ofisi ambayo sitaitaja, alikimbia na jamaa yake. Waliporudi walikuta milango imekwenda, vyoo vimeng'olewa, na katikati ya majani mbele ya baraza askari wamechimba shimo la kujifichia, refu kama mtu na pana kama gari. Mtu mwenye akili angelifukia. Lakini mke wake, Madame Clarisse, alisimama ukingoni na viatu vyake virefu akasema, "Deo, tutafanya basini ya maji. Watu wakikuja hawataona vita, wataona maua."

Namdharau mpaka leo kwa mengi, lakini sentensi hiyo sikuidharau. Nilianza kazi siku ileile.

Tulifinyanga kingo, tukatandika udongo mzito, tukatia maji. Madame alitaka arumu. Mnazijua, ua jeupe kama faneli, la harusi na la altare. Arumu hupenda kukaa miguu majini, kwa hiyo hilo nilikubali. Mimi nikapendekeza kwamba upande mmoja tutie mateke. Wasomaji wa mbali watadhani nasema mateke ya miguu. Nasema kile kiazi cha bondeni, ambacho watu wa pwani huita magimbi. Kina jani kubwa kama sikio la tembo, maji yakidondoka juu yake yanaviringika kama shanga. Ni zuri kuliko nusu ya takataka wanazouza kwenye vyungu.

"Mateke?" Madame akasema. "Mbele ya baraza yangu? Batu bataona tuko masikini."

"Madame, vita inaweza kurudi."

"Vita imeisha, Nsimire."

Siku hizo walikuwa wengi waliojua kwamba vita imeisha. Waliosoma zaidi ndio waliojua zaidi.

Nikapanda mateke kwa siri. Jani la arumu na jani la mateke kwa mtu asiyejua ni mamoja, na Madame hakujua hata jani la maharagwe, ingawa alizaliwa kwa watu wanaolima. Nilitia mateke ukingo ule wa chini ya mpera, arumu ukingo wa kando ya ukuta. Wageni walikuja, wakasifu "arumu kubwa hizi zisizotoa maua." Nilisimama nyuma na mkasi wangu nikicheka ndani. Nilijiona mjanja kuliko Muhumba yote.

Mtu mmoja tu nilimwambia: Koko, yaani bibi mzaa baba wa watoto wawili wa nyumba ile. Alikuwa mama wa Patron, mama wa Kishi kutoka vilima vya Kabare, mikono yake migumu kama mpini. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na utando. Aliona mwanga na kivuli, basi. Walimleta mjini ili apumzike, na kupumzika kulikuwa kunamuua. Nilimshika mkono nikampeleka chini ya mpera, nikamshikisha shina.

Alilipapasa, akanusa vidole. "Mateke!" akasema, na uso wote ukafunguka. "Clarisse anajua?"

"Hapana, Koko."

"Asijue." Akacheka mpaka akakaa chini.

Tangu siku ile alikuwa na kazi. Alikuwa na jembe dogo la mpini mfupi alilokuja nalo kutoka kijijini, na kila asubuhi alikwenda chini ya mpera akihesabu hatua, akapalilia kwa vidole. Madame alidhani bibi anapenda maua. Aliwaambia rafiki zake kwamba mamamkwe wake ni mtu wa hisia nyororo.

Sasa sikilizeni kosa, maana ndilo nililokuja kusimulia.

Mpera ulikua, kivuli kikawa kizito. Mateke yanataka jua, arumu zinavumilia kivuli. Mimi nilikuwa nimepanda kinyume, kwa ajili ya kuficha, si kwa ajili ya mmea. Mwaka ulipopita majani ya mateke yakawa madogo na ya manjano. Basi kiangazi kile nikayahamisha: mateke yote, na udongo wake, nikayapeleka kando ya ukuta juani. Arumu zote nikazileta chini ya mpera. Nikakata majani ya pande zote mbili, kama inavyopasa mmea unapohamishwa, ili mizizi isinyonywe. Ilikuwa kazi safi. Papa Bisimwa angeitazama asione la kusema, mpaka aniulize nimemwambia nani.

Koko hakuwapo wiki ile. Alikuwa amekwenda Katana kwa dada yake. Alirudi Jumamosi jioni, mimi nimekwisha kwenda nyumbani. Nikasema nitamwambia Jumatatu.

Jumatatu hakukuwa na kwenda kazini. Vita ya pili ilikuwa imeanza. Risasi zilisikika upande wa kambi, barabara zikafungwa, soko likafungwa, na sisi wa Kadutu tukalala chini ya vitanda tukihesabu unga. Sitaisimulia vita. Mna watu wengi wanaowasimulia vita, na wengi wao hawakuwapo.

Baada ya wiki mbili hivi risasi zilipungua lakini chakula hakikuingia. Asubuhi moja nilitoka nje nikamkuta jirani yangu, Maman Furaha, ameinama katika kishamba chake anang'oa viazi vitamu vyembamba kama vidole.

"Juu ya nini unabitoa sasa?" nikamwuliza. "Habijakomaa."

"Ee, dada, tutangoja nini? Leo kila mutu anachimba kwake. Kenye kiko mu udongo njo byakula."

Kenye kiko mu udongo, kilichomo ardhini. Nilisimama pale na kikombe mkononi. Nilimwona Koko, baada ya wiki mbili za kufungiwa ndani na risasi, anahesabu hatua zake kwenda chini ya mpera.

Labda hamjui. Arumu ni sumu. Si ya kuua mtu kwa dakika, lakini inaunguza kinywa na koo kama vipande vya chupa, ulimi unavimba, na koo likivimba vya kutosha hewa haipiti. Kuichemsha kidogo hakusaidii. Kibaya zaidi, mateke yenyewe yakiwa mabichi huwasha mikono. Mama wa kijijini akimenya akasikia mwasho hashtuki. Anajua mateke ndivyo yalivyo, anaongeza kuni. Na majani, ambayo yangemwambia hata Madame kwamba kuna kitu si sawa, nilikuwa nimeyakata mimi.

Nilifunga kikwembe kiunoni, nikashuka.

Njia ya kutoka Kadutu mpaka Muhumba si ndefu. Siku ile ilikuwa na vizuizi viwili. Kwenye cha kwanza askari walikuwa wamelala, nikapita. Cha pili, askari watatu walikuwa wamekaa kwenye viti vya ofisi vilivyotolewa ofisini.

"Yaka awa! Kuya hapa! Unaenda wapi?"

"Muhumba. Ku kazi."

"Kazi gani leo?"

"Maua," nikasema, kwa kuwa ilikuwa kweli na sikuwa na akili ya kutunga uongo.

Walicheka mpaka mmoja akaangusha kofia. "Batu banakufa, yeye anaenda kumwangia maua maji!" Wakaniambia nikae chini. Nikakaa. Jua likapanda. Niliwaza saa wanapowasha mbabula, jiko la makaa, kwa patron wangu, na nikahesabu: moto, maji, kumenya, kuchemsha.

Nikasimama tena. Yule wa kofia akainua bunduki. Nikamwambia moja kwa moja, "Kuna muzee haone. Atachimba arumu akizani ni mateke. Atabapikia batoto. Nilihamisha mimi, sikumwambia."

Hawakucheka tena, lakini wawili hawakuelewa. Wa tatu, ambaye hakuwa amesema neno, alikuwa mwembamba, na bunduki yake ameifunga kwa kamba ya katani. Akaniuliza, "Arumu njo ile nyeupe ya ku kanisa?"

"Njo ile."

"Kwetu Luhwindja mama yangu analima mateke. Mbuzi yetu ilikula ile nyeupe." Akawageukia wenzake. "Mumuache apite." Kisha kwangu: "Kimbia, mama. Lakini usikimbie mbele yao, ngoja ukate kona."

Mtu huyo sikumwona tena. Katika wote walioshika bunduki miaka ile, ni mmoja tu ninayemwombea.

Nilifika. Sentineli alifungua geti na uso wake ukaniambia. Uani mbabula ilikuwa inawaka, sufuria juu yake. Mezani barazani sahani mbili za watoto zilikuwa zimekwisha kujazwa, mvuke unatoka, na watoto wamesimama mbali na meza wakilia. Koko alikuwa amekaa chini na mgongo ukutani. Ulimi wake ulikuwa umejaa kinywa chote, mate yanamtoka, na kila pumzi ilipita kwa mluzi.

Alikuwa ameonja chumvi. Ndiyo desturi yake: hakuwapa watoto chakula ambacho yeye hajakionja kwanza. Basi mdomo wake peke yake ndio ulioguswa.

Madame alikuwa amepiga magoti anataka kumtia vidole kooni amtapishe. Nikamshika mkono. Sikuwahi kumgusa kabla ya siku ile. "Hapana, Madame. Kilichounguza kikishuka, kikipanda kitaunguza tena." Nikaomba kitambaa, nikafuta kinywa cha bibi ndani, nikamsukutua na maji ya baridi, mara nyingi, polepole. Patron alitaka kumpeleka hospitali. Kwa njia gani? Alitoka mpaka getini akarudi, akatoka akarudi, mkurugenzi mzima, ufunguo wa gari mkononi na gari lenyewe limekwisha chukuliwa. Jirani akatupatia maziwa ya unga. Tulimnywesha kwa kijiko, tone kwa tone. Mimi nilimshika kichwa nikisikiliza ule mluzi, na mara mbili ulikatika, na mara mbili ukarudi.

Alasiri ukaanza kulainika. Siku ya pili aliweza kufunga mdomo. Siku ya tatu alilala kama watu wanavyolala. Sauti ilikuwa haijarudi.

Na watu walikuwa na njaa bado. Nilikwenda ukutani, nikachimba mateke, madogo lakini mengi, nikayachemsha mpaka yakaiva kabisa, nikayaonja mimi mbele yao. Wakala. Patron alikula sahani mbili. Akauliza, "Haya yalitoka wapi?"

"Yaliota tu, Patron."

Sasa mnaweza kunidharau. Nimewadharau wengi katika karatasi hizi, na zamu yangu ilikuwa inakuja. Nilisema yaliota tu. Kisha nikamsikia Madame akieleza jambo lile kwa majirani: "Maman haone tena. Alichanganya. Kidogo auwe batoto." Nikanyamaza. Wakamwondolea jembe. Wakamkataza kwenda bustanini bila kushikwa. Wakamkataza kugusa sufuria. Mwanamke aliyelisha watoto wake saba kwa mikono ile walimkalisha kwenye kiti barazani kama chungu, nami nilipita mbele yake kila siku na mkasi wangu.

Koko hakuwa mjinga. Sauti ilipoanza kurudi, ikiwa mkwaruzo tu, aliniita karibu.

"Ulibihamisha."

"Ndiyo, Koko."

Akatikisa kichwa mara nyingi. Alikuwa amepanga hatua zake zote upya usiku na mchana, akijiuliza amehesabu vibaya wapi. "Basi sikukosea," akasema. Hakuniambia nikaseme. Nilingoja aniambie, ili niwe na mtu wa kumlaumu, naye akageuzia uso wake juani.

Majuma yakapita. Vita ikawa mambo ya kuishi nayo, soko likafunguka nusu, na Jumapili moja baada ya misa Patron akapata wageni: padri, mwalimu mmoja wa chuo kikuu na mke wake. Walikaa barazani mbele ya kidimbwi. Na Madame Clarisse, yule aliyesema watu wataona tuko maskini, alinyoosha mkono wake wenye bangili kuelekea ukutani.

"Ile kule ni mateke," akasema. "Nilisema tangu mwanzo, mutu anapashwa kuwaza mbele. Ilituokoa."

Mwalimu akamsifu. Alisema hicho ndicho kilimo cha mjini, akataja na neno lake la Kifaransa refu kama reli. Padri akasema Mungu humpa mwenye busara. Mimi nilikuwa nimeshika sinia. Ningependa kusema kwamba nilichukia kwa ajili ya bibi. Nilichukia kwa ajili ya mateke yangu. Nilitaka watu wajue ni nani aliyewaza mbele. Na hapohapo nikaona kwamba siwezi kudai mateke bila kudai arumu. Aliyepanda ni mmoja.

Pengine ningemeza na kupita. Lakini Madame akaongeza, kwa sauti ya huruma, akimwonyesha Koko kwenye kiti chake, "Ni Maman tu, kidogo atuletee kifo. Macho. Sasa hatumwachie jembe tena."

Koko hakugeuka. Ila vidole vyake juu ya magoti vilijikunja kama vimeshika mpini.

Nikaweka sinia chini.

"Koko hakukosea," nikasema. "Ni miye nilipanda mateke, kwa kuficha, Madame alikatala. Na ni miye niliyahamisha. Nilitia arumu pale penye yeye alijua ni mateke, na sikumwambia. Yeye alichimba pa haki. Miye njo nilikosa."

Mwalimu alitazama kikombe chake. Patron alinitazama mimi, kisha akamtazama mama yake.

"Maman," akamwuliza, "ulijua?"

"Nilijua," Koko akasema, kwa ile sauti yake ya mkwaruzo ambayo haikupona mpaka alipokufa.

"Juu ya nini hukusema?"

"Mungenisadiki?"

Padri akakohoa. Patron akainuka, akaingia ndani, akarudi na lile jembe dogo. Akaliweka juu ya magoti ya mama yake mbele ya wageni wote. Madame akasema chai inapoa.

Kesho yake asubuhi Madame alinifukuza. Alifanya vizuri, kwa Kifaransa, na barua iliyopigwa chapa. Barua ilisema bustani haihitaji tena mtu wa kudumu. Sikubishana. Mtu akikufukuza kwa sababu ya uongo huku wewe unajua ile ya kweli, kubishana ni upuuzi. Nilikusanya mkasi, mpanga na buti, nikaenda kumuaga Koko.

Alikuwa amesimama tayari, jembe mkononi.

"Huendi bado," akasema. "Nionyeshe."

Nikamshika mkono. Tulianza getini. Nilimwonyesha kila mmea wa lupango ile, mmoja baada ya mwingine: nikauweka mkono wake juu ya jani, nikataja jina, nikamwambia unaliwa au hauliwi, tukahesabu hatua mpaka kwa unaofuata. Mateke kando ya ukuta: alipapasa pale kikonyo kinapoingilia katikati ya jani, si ukingoni kama arumu, akasema hicho atakikumbuka. Kanna na maua yake mekundu. Mafunjo kwenye pipa. Nenufari alizigusa kwa ncha ya jembe, akacheka kwamba kitu kikubwa hivyo hakiliwi. Alinirudisha nyuma mara tatu kwa sababu nilihesabu haraka. Jua lilifika utosini. Barazani Madame alisimama mikono kiunoni akingoja nitoke, kisha akachoka, akavuta kiti akakaa, na baadaye kidogo nikaona kwamba naye anasikiliza, na midomo yake inarudia majina.

Tulifika chini ya mpera mwisho. Arumu zilikuwa zimechipua upya, majani laini, yanang'aa.

"Hii ndiyo," nikasema.

Mkono wake ulipoligusa jani aliuvuta. Akasimama hivyo kidogo, anapumua kwa mkwaruzo. Kisha akaurudisha mwenyewe, akalipapasa jani lote, polepole, kutoka shinani mpaka nchani, kama mtu anayejifunza uso.